Tarehe ya Njia za Miguu za Gisenyi

Msafiri apandaye kilima cha Rubavu, ambacho mji wa Gisenyi umeketi chini yake, akielekeza uso wake kusini ataiona barabara ya lami ikizunguka ghuba na rasi za Ziwa Kivu mpaka ipotee machoni. Na akizidi kutazama ataona, juu ya barabara hiyo na chini yake, vijia vyembamba vikipanda na kushuka baina ya migomba na maharagwe, vikiikata barabara hapa na kuiacha pale, kama kwamba barabara ndiyo mgeni na vyenyewe ndivyo wenyeji. Na ndivyo ilivyo kwa hakika. Barabara ya lami ina mhandisi wake, fedha zake na mwaka wake wa kufunguliwa. Njia za miguu hazina mhandisi wala mwaka, maana zilitengenezwa na nyayo za watu waliokuwa na haja ya kufika mahali, wakapita leo, wakapita kesho, mpaka majani yakaacha kuota walipopita.

Siku hizi wageni huja kutoka nchi za mbali kuzitembea njia hizo kwa starehe, na serikali ya Rwanda imeziunga baadhi yake zikawa njia moja ndefu ya matembezi, nayo ni jambo la kheri. Lakini mgeni atembeaye kwa hiari amtangulize katika fikira zake yule aliyetembea kwa dharura, kwa amri au kwa hofu, kwa sababu huyo ndiye mwenye njia. Kuzisifu njia za Gisenyi kwa uzuri wa mandhari peke yake ni kuzisifu nusu. Nusu iliyobaki ni habari za wachuuzi, wapagazi, waumini, wagonjwa na wakimbizi waliozipita kabla ya ramani yoyote ya matembezi kuchorwa, na habari hizo ndizo makusudi ya maneno yafuatayo.

Yafaa kwanza kuifahamu nchi yenyewe, kwa kuwa umbo la nchi ndilo lililoamuru umbo la njia. Ziwa Kivu liko katika kimo cha mita 1,460 hivi juu ya bahari, na upande wake wa mashariki ardhi haina subira: kutoka ufukoni hupanda ghafula mpaka kwenye mgongo wa milima wenye vimo vya mita 2,500 na zaidi, ambao ndio mpaka wa maji ya mito miwili mikubwa ya Afrika. Mvua inayonyesha upande wa jua lichomozapo huingia katika vijito vya Nili, ikasafiri hadi bahari ya Misri. Nayo inayonyesha upande wa jua lichwapo huteremka katika Ziwa Kivu, ikashika mto Rusizi hadi Tanganyika, na kutoka huko ikaandamana na maji ya Kongo mpaka bahari ya Atlantiki. Kwa ajili hiyo njia za miguu za nchi hii ni za namna mbili: zipo zile zifuatazo pwani ya ziwa, ambazo kila zikikuta bonde la mto kama Sebeya au Koko hulazimika kushuka na kupanda tena, na zipo zile zinazotoka ufukoni na kukwea moja kwa moja kuelekea juu, zikiwaunganisha wavuvi wa chini na wafugaji na wakulima wa milimani, kila kundi likiwa na kitu ambacho kundi jingine linakihitaji.

Wilaya hii ya kaskazini ya ziwa wazee waliiita Bugoyi, na watu wake Abagoyi, nao walisifika kwa ukulima wa tumbaku katika udongo mweusi uliotokana na majivu ya volkano. Tumbaku ya Bugoyi haikukaa Bugoyi. Ilifungwa ikabebwa kichwani kufuata njia za pwani kuelekea kusini, kupita nchi za Kanage na Bwishaza mpaka Kinyaga, na kwa mitumbwi ikavushwa kwenda kisiwa cha Ijwi na ng'ambo ya magharibi. Kutoka ng'ambo hiyo zilirudi bangili za nyuzi ziitwazo ubutega, zilizosukwa kwa ustadi na watu wa misitu ya magharibi ya ziwa, ambazo wanawake walizivaa miguuni kwa pambo na wachuuzi walizihesabu katika mafungu na kuzitumia kama sarafu. Msomaji ataona kwamba katika karne ya 19, kabla ya Mzungu yeyote kuliona ziwa hili, pande zake zote zilikwisha fungamana kwa biashara yenye bidhaa maarufu na fedha yake yenyewe. Na biashara haiwi bila ya njia.

Baada ya wachuuzi walipita wafalme na majeshi. Mwami Kigeli wa Nne Rwabugiri, ambaye alitumia maisha yake katika vita na safari, alikuwa na makao katika sehemu nyingi za ufalme wake, na mojawapo lilikuwa Rubengera katika Bwishaza, juu ya ziwa. Kutoka pande hizo alizipigania Ijwi na nchi ya Bushi, na katika safari ya kwenda Bushi mwaka 1895 mauti yakamkuta. Mfalme alipokwenda, nchi nzima ilikwenda naye: askari, wapishi, wachukuzi wa pombe na maziwa, wafugaji na ng'ombe wao, na waheshimiwa waliochukuliwa katika machela mabegani mwa watu. Njia iliyokuwa ikimtosha mchuuzi mmoja na mzigo wake ikapanuliwa na kwato na nyayo za maelfu.

Mwaka mmoja kabla ya kufa kwake, Rwabugiri alipokea mgeni wa aina ambayo watu wake hawakuizoea. Huyo alikuwa Gustav Adolf von Götzen, Mjerumani, aliyeondoka Pangani katika pwani ya Bahari ya Hindi mwishoni mwa mwaka 1893 na msafara wa wapagazi, akaingia Rwanda mwezi wa Mei 1894, akakutana na mfalme huko Kageyo, kisha akashika njia ya magharibi, akaukwea mlima wa moto wa Nyiragongo, akateremka mpaka ufuko wa Kivu, na kutoka hapo akaikata Kongo yote hadi Atlantiki. Nyuma yake wakaja wengine: Richard Kandt, tabibu aliyetafuta chimbuko la Nili na kukaa Shangi, kusini mwa ziwa, na ambaye mwaka 1907 aliuanzisha mji wa Kigali, Ewart Grogan, Mwingereza aliyekuwa akisafiri kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Kairo, na Adolf Friedrich, wa ukoo wa watawala wa Mecklenburg, aliyekuja na wataalamu wake mwaka 1907 na 1908. Vitabu vyao vimewafanya wajulikane kuwa ni wavumbuzi. Walakini hakuna hata mmoja wao aliyekata njia mpya ya kufika ziwani. Wote waliongozwa katika njia zilizokuwako, na watu waliozijua.

Hapa pana haki ya kusema neno juu ya wapagazi. Mzigo wa mpagazi mmoja aghalabu ulikuwa wa ratili 60 hivi, yaani karibu kilo 30, na mzigo huo ulikwenda kichwani au begani tangu alfajiri mpaka jua kali, siku baada ya siku, kwa posho ya kitambaa au chakula na ujira uliolipwa mwisho wa safari, kama mwenyewe alibaki hai kuupokea. Mbele alitangulia kirangozi, nyuma walifuata wanyapara, na katikati zilitembea bidhaa zote ambazo wakubwa hawakuweza kuishi bila ya hizo. Wengi wa watu hao walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma na watu wa Mrima, na lugha waliyosemezana kambini ilikuwa Kiswahili. Kwa hiyo Kiswahili kilifika Gisenyi kwa miguu, kimebebwa na watu waliobeba kila kitu kingine. Kikakaa sokoni, kambini na katika mitaa ya wafanya biashara, kikapata nguvu kutoka Goma, mji jirani wa upande wa Kongo, na mwaka 2017 Rwanda ikakipa daraja ya lugha rasmi. Nakumbusha asili hiyo kwa sababu mara nyingi tunatoa shukrani kwa waandishi na serikali kwa kuenea kwa lugha yetu, tukawasahau waliotembea nayo.

Mwaka 1901 Mapadri Weupe walijenga misheni Nyundo, katika milima ya nyuma ya Gisenyi, na kutoka hapo ikazaliwa namna nyingine ya njia. Wanafunzi wa katekisimu walitoka vilima vya mbali kabla ya mapambazuko ili wafike katika mafundisho, wakarudi kwao jioni. Na kila kanisa dogo lililojengwa kilimani lilivuta vijia kutoka pande zote nne. Huko Nyundo ndiko alikowekwa Askofu Aloys Bigirumwami mwaka 1952, Mwafrika wa kwanza kupata uaskofu katika nchi zilizotawaliwa na Wabelgiji, ambaye licha ya kazi za dini alijitaabisha kukusanya na kupiga chapa methali, mila na miiko ya Wanyarwanda. Alitambua kwamba elimu iliyomo vinywani mwa wazee hufa pamoja nao isipoandikwa, na jambo alilolitenda kwa methali ndilo ninalotamani litendwe kwa njia.

Turudi nyuma kidogo. Mwezi wa Mei 1910 wajumbe wa Ubelgiji, Ujerumani na Uingereza walikutana Brussels, wakaugawanya ukanda wa Kivu na volkano kwa mstari wa kalamu. Kisiwa cha Ijwi na nchi za magharibi na kaskazini, ambako watu walikuwa wakioana na kuuziana na Bugoyi tangu enzi, vikawa vya Kongo. Njia iliyokuwa ikitoka shamba hadi soko, mwendo wa muda mfupi, ikapata mlinzi katikati yake. Hata hivyo miguu haikuitii kalamu kikamilifu: kijia cha zamani kikageuka lango, na leo Gisenyi na Goma zimeunganishwa na milango miwili, mkubwa wa kando ya ziwa na mdogo wa mjini, na huo mdogo huvukwa kwa miguu kila siku ya amani na makumi ya maelfu ya watu, wengi wao wanawake wenye mboga, maziwa, mayai na unga vichwani. Afadhali tufahamu kwamba akina mama hao hawakuanzisha jambo geni. Wao ni warithi halali wa wachuuzi wa tumbaku na ubutega.

Mpaka ule haukupata kukaa miaka mitano kabla haujawa uwanja wa vita. Tangu 1914 hadi 1916 Wajerumani chini ya Kapteni Max Wintgens walijihami Gisenyi dhidi ya Wabelgiji, na vilima vyote vya kuzunguka mji vikachimbwa mahandaki. Watu wa nchi wakalazimishwa kubeba risasi na chakula cha pande zote mbili katika njia zile zile walizokuwa wakipitia kwenda kulima. Mwezi wa Mei 1916 Wajerumani walirudi nyuma, na vita vikapita. Lakini mashamba yalikuwa yamekwisha haribika na akiba kuliwa na majeshi, ikafuata njaa iitwayo Rumanura, ambayo iliutesa ukanda huu wa kaskazini magharibi mpaka 1918. Njia za biashara zikawa njia za wenye njaa, wakienda kuomba na kubadili chochote walichokuwa nacho kwa kikapu cha maharagwe.

Chini ya utawala wa Kibelgiji zikaja barabara za magari, na watu wa vilima walizijenga kwa majembe yao wenyewe katika kazi za shuruti, bila ya ujira au kwa ujira hafifu, huku viboko vikiwa si haba. Wengi waliikimbia shuruti hiyo na kodi zake kwa miguu, wakaenda Uganda kutafuta kazi. Twaweza kusema pasipo kukosea kwamba barabara hizo zilifupisha safari za waliokuwa na gari, na zikaongeza safari za wasiokuwa nalo. Maana mkulima wa kilimani alibaki na kijia chake, akakitumia sasa pia kushuka kwenda kuitengeneza barabara ya mwingine.

Lakini isidhaniwe kwamba kijia kilibeba mateso peke yake. Katika vilima hivi ilikuwako desturi ya ingobyi, machela ya kusukwa ambayo wanaume wanne huichukua mabegani wakipokezana na wenzao, wakimshusha mgonjwa au mama mwenye uchungu wa uzazi kutoka kileleni mpaka hospitali. Majirani walijiunga katika vyama vya ingobyi, kila nyumba ikitoa mtu au mchango wake, na asiyekwenda kumbeba jirani leo alijua kwamba kesho hatabebwa. Ng'ambo ya pili ya volkano, huko Kigezi katika Uganda, vyama vya namna hiyo huitwa vya engozi. Ili machela ipite, njia sharti iwe na upana wa watu wawili, isiwe na mawe yanayoteleza wala miti iliyoanguka. Kwa hiyo kuitunza njia lilikuwa jambo la uhai na mauti, si la urembo, na watu wa kilima waliifyeka wenyewe bila ya kungoja amri. Gari la wagonjwa limeipunguza kazi ya ingobyi, nasi hatuna budi kulishukuru, lakini heshima ya ujirani iliyomo katika desturi ile haifai kuzikwa.

Mwaka 1994 njia hizi ziliona mambo ambayo kalamu huyagusa kwa adabu na huzuni. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza mwezi wa Aprili, barabara zilijaa vizuizi vya wauaji, na aliyetafuta kuokoka alikuwa hana tumaini ila katika vijia, migomba na giza. Kusini, katika vilima vya Bisesero juu ya Karongi, makumi ya maelfu ya Watutsi walikusanyika wakapigana kwa mawe na mikuki dhidi ya bunduki kwa muda wa wiki nyingi, wakauawa isipokuwa wachache. Mwezi wa Julai mamia ya maelfu ya watu walipita Gisenyi wakivuka kuingia Goma. Tena mwezi wa Januari 2002 Nyiragongo ilipotapika moto wake mpaka katikati ya Goma, watu wa upande ule walivuka kwa miguu kuja Gisenyi, na mwezi wa Mei 2021 wakaja mara ya pili kwa sababu ile ile. Katika mkono mmoja njia hii imepokea msiba wa wanadamu, na katika mkono wa pili imepokea wakimbizi wake.

Baada ya hayo yote ndipo ilipokuja Njia ya Kongo na Nili, ambayo tunaweza kuiita bintiye njia hizo zote. Ina urefu wa kilomita 227, kutoka wilaya ya Rubavu mpaka wilaya ya Rusizi, na atembeaye kwa miguu huimaliza kwa siku 10 hivi, naye mwenye baiskeli kwa nusu ya siku hizo. Haikuchongwa upya: iliunganishwa kwa vijia na barabara za udongo zilizokuwako. Hutoka Gisenyi ikapita Rubona na Nyamyumba, penye chemchemi za maji ya moto ambazo wenyeji huziita amashyuza, na penye kiwanda cha bia kilichoanzishwa mwaka 1957, ambacho tangu 1963 kilipata nguvu kutoka gesi iliyovutwa vilindini mwa ziwa. Kisha huingia katika nchi ya kahawa ya Kinunu, mahali ambapo buni huoshwa na kuanikwa kando ya maji, ikaendelea kwenda Rubengera alikokuwa na makao Rwabugiri, na Karongi, na Shangi alikokaa Kandt, mpaka mwisho wa ziwa. Usiku ukiingia msafiri huona taa za wavuvi, mitumbwi mitatu mitatu imefungwa pamoja kwa boriti, watu wakivuta makasia kwa nyimbo kufuata isambaza, dagaa ambao hawakuwa wa ziwa hili bali waliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959.

Barabara ya lami ya kandokando ya ziwa imekwisha kuwafaidia watu wa ukanda huu faida kubwa, na mazao ya mkulima hufika sokoni hayajaoza. Wala si jambo la kuhuzunikia. Lakini kila barabara inapokuja vijia huachwa, na kijia kilichoachwa mvua mbili tatu hakionekani tena. Waingereza walilijua hilo mapema. Huko kwao njia za miguu za vijijini zilitengenezwa na wakulima na waenda kanisani, vilevile kama huku. Mabwana wa ardhi walipozifunga, wafanya kazi wa viwandani waliandamana mwezi wa Aprili 1932 kuupanda mlima wa Kinder Scout bila ya idhini, na baadhi yao wakafungwa jela. Miaka 17 baadaye, mwaka 1949, Bunge lilitunga sheria iliyozilazimisha halmashauri kuziandika njia zote za haki katika ramani, kilima kwa kilima, parokia kwa parokia. Na mwaka 1965 ikafunguliwa njia ndefu ya Pennine, iliyofuata mgongo wa milima yao. Ramani hiyo haikuwapa watu njia mpya, bali iliwazuia wenye nguvu kuzifuta zile za kale.

Rwanda imekwisha kutenda lililo gumu zaidi: kuanzia 2009, kwa muda wa miaka michache, viwanja zaidi ya milioni 10 vilipimwa na kuandikishwa kwa majina ya wenyewe, kazi ambayo mataifa mengi ya Afrika hayajaithubutu. Nchi iliyoweza kuandika shamba la kila mkulima haiwezi kushindwa kuandika kijia kinachopita kati ya mashamba mawili. Nasihi yangu ni kwamba kila tarafa ya wilaya ya Rubavu iwe na daftari la njia zake, nalo liandikwe na wanafunzi wa shule kutoka vinywani mwa wazee: njia hii jina lake nani, ilikwenda soko gani, mwenye ingobyi alishukia wapi, mto ulivukwa kwa njia gani kabla ya daraja. Waelekezaji wa wageni na wafundishwe habari hizo kabla ya kufundishwa majina ya ndege, na vibao vya Njia ya Kongo na Nili vitaje wachuuzi wa ubutega na wapagazi wa Pangani pamoja na kilomita zilizobaki.

Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi, ila inahitaji haraka, kwa sababu wanaokumbuka kubeba ingobyi na kushuka usiku kwenda soko la mpakani ni watu wazima sasa, na baba zao waliojenga barabara za shuruti wamebaki wachache mno. Mgeni atalipa kwa furaha kutembea katika mandhari nzuri, lakini mandhari nzuri ziko nyingi duniani. Kinachopatikana Gisenyi peke yake ni habari za watu walioipita nchi hii kwa miguu, na habari hizo ni mali ya wenyeji, ambao ndio wanaopasa kuziandika kwanza na kuzisimulia kwa lugha zao.